Mimba Itokayo Kimya Mwezi wa Tano

Mtu akifa hapa kwetu Kalinzi, majirani huacha majembe. Wanaume huchimba kaburi, kina mama huleta maji, ndizi na maharage, na kwa siku kadhaa nyumba haikosi watu. Lakini mimba ya miezi mitano ikitoka, mambo hufanyika kwa siri. Bibi mmoja au wawili huingia ndani, kitambaa hufungwa, kishimo huchimbwa nyuma ya migomba, na baada ya siku mbili mama yule huonekana njiani na ndoo yake kama kwamba halikutokea neno. Akiulizwa, husema alikuwa na homa.

Likitokea mara moja, watu husema ni bahati mbaya. Likitokea mara ya pili, minong'ono huanza. Mara ya tatu mama mkwe hukumbuka mahari iliyotolewa, na wazee wa ukoo huanza kumwambia kijana, "Mwanangu, utakaa hivi mpaka lini?" Wengine husema mume ana mwanamke wa nje, na kwamba dhambi yake ndiyo iliyomwua mtoto. Wengine humtafuta mchawi, na kwa kawaida humpata, maana mchawi atafutwaye hakosekani, hasa kama yuko karibu bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Basi ndoa huanza kutikisika, na jina la mtu huchafuliwa, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyekiona.

Kitu hicho mara nyingine ni kidogo sana. Ni nyama yenye urefu wa sentimita tatu au nne tu. Leo yafaa tukizungumze waziwazi, baba na mama pamoja, maana ni ugonjwa wenye jina, wenye sababu, na wenye msaada ukiwahiwa.

GUNIA LENYE MDOMO CHINI

Kila mtu wa milima hii anajua gunia la kahawa. Likijaa, mdomo wake hushonwa, kisha hubebwa mdomo ukiwa juu. Hata uzi ukiwa dhaifu, kahawa haimwagiki, kwa sababu uzito wote uko chini.

Mji wa mimba nao ni kama gunia, ila Mwenyezi Mungu ameuweka mdomo wake chini. Mdomo huo ndio unaoitwa shingo ya kizazi. Siku zote za mimba shingo hiyo hukaa imefungwa, ngumu, imeziba kwa ute mzito unaozuia uchafu usipande juu. Mtoto hukua, maji yake huongezeka, uzito huzidi kuelemea chini, na shingo haisogei. Miezi tisa ikitimia, hulainika, hufupika, na kwa nguvu ya uchungu hufunguka mpaka mtoto apite.

Sasa wako wanawake ambao shingo hiyo haina nguvu ya kungoja miezi tisa. Miezi mitatu ya kwanza hakuna shida, kwa kuwa mtoto bado ni mdogo na uzito si kitu. Lakini ufikapo mwezi wa nne, wa tano au wa sita, shingo huanza kufupika na kufunguka yenyewe, kidogo kidogo, pasipo uchungu. Ule mfuko wa maji alimo mtoto huteremka na kuchungulia mlangoni. Kisha maji humwagika, na baada ya muda mfupi mtoto hutoka. Mara nyingi hutoka akiwa hai, ameumbika vizuri, vidole vyake vyote vipo, ila mapafu yake hayajaweza kuvuta pumzi ya dunia hii. Huishi dakika chache tu. Madaktari huuita ugonjwa huu udhaifu wa shingo ya kizazi.

Jambo la kushika hapa ni ule ukimya. Katika mimba nyingi zinazotoka, mama huumwa tumbo sana na damu hutoka kwa wingi kabla. Katika ugonjwa huu mama aweza kupalilia maharage asubuhi, akasikia uzito tu chini ya tumbo, akadhani ni uchovu, na jioni mtoto akazaliwa. Ndiyo maana watu husema amerogwa. Wanasema, "Hakuumwa, hakuanguka, hakupigwa, basi ni nini?" Swali lao ni jema kabisa, tena daktari naye angeliuliza hilo hilo. Jibu lao tu ndilo lenye kasoro.

SI KILA MIMBA ITOKAYO NI YA UGONJWA HUU

Hapa sina budi kuweka mpaka, maana tukisikia habari za ugonjwa mpya sisi watu huwa na desturi ya kuuona kila mahali. Udhaifu wa shingo ya kizazi si ugonjwa wa kila nyumba. Katika mimba mia, wanaokadiria husema hupatikana katika moja au hata pungufu ya hapo. Mimba zinazotoka mwezi wa pili au wa tatu, ambazo ndizo nyingi kuliko zote, kwa kawaida hazina uhusiano nao. Nyingi kati ya hizo hutoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa tangu mwanzo, na hakuna uzi wala dawa ya kuzizuia.

Tena mkoa wetu wa Kigoma ni mmoja wa mikoa yenye malaria nyingi, na malaria huua watoto tumboni. Kaswende nayo huwaua, na yaweza kukaa ndani ya mtu miaka bila kuonekana. Magonjwa ya njia ya mkojo, kisukari na shinikizo la damu yote yamo katika orodha. Kwa hiyo mama aliyepoteza mimba asijipe jina la ugonjwa mwenyewe kwa kusoma gazeti. Gazeti limtume kwa daktari, limpe na maneno ya kumwambia.

Alama zinazofanya daktari aifikirie shingo ya kizazi ni hizi: mimba zilitoka kati ya mwezi wa nne na wa sita, zilitoka zaidi ya mara moja, uchungu ulikuwa mdogo au haukuwapo, maji yalitangulia, na mtoto alitoka akiwa hai. Mara nyingine kila mimba hutoka mapema kuliko iliyotangulia, ya kwanza mwezi wa sita, ya pili mwezi wa tano.

KOSA NI LA NANI?

Wanawake wengine wamezaliwa na shingo dhaifu, kama vile wengine walivyozaliwa na macho mabovu. Wengine waliumia wakati wa kuzaa: uzazi ulichukua siku mbili, shingo ikachanika, ikapona vibaya. Wengine walipasuliwa ili kutoa mtoto wakati shingo ilikwisha kufunguka yote na kichwa kikiwa kimeteremka. Wengine walisafishwa kizazi kwa vyombo mara kadhaa baada ya mimba kuharibika, au walikatwa kipande cha shingo kwa sababu ya dalili za saratani. Na ni kweli pia kwamba mimba zinazotolewa kwa siri, kwa vyuma na vijiti, zaweza kuijeruhi shingo ile ile. Lakini mtu asichukue sentensi hii ya mwisho akaitumia kama fimbo ya kumpigia mke wake. Wengi wenye ugonjwa huu hawakufanya neno lo lote la namna hiyo, na kwa wengi sababu haionekani hata kwa mtaalamu.

Na mizigo je? Hapa kwetu mama hupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, kuni mgongoni siku nyingine, na mtoto wa jirani mkononi. Ni rahisi kusema, "Ulibeba mno, ndiyo sababu." Lakini haijathibitishwa kwamba kubeba mzigo hulegeza shingo ya kizazi, wala haijaonekana kwamba kulala kitandani mchana kutwa kwa miezi huifunga. Wanawake wawili hubeba mizigo sawa, mmoja akazaa na mwingine akapoteza. Kwa hiyo mama asilaumiwe kwa kuni alizozibeba, maana alizibeba kwa ajili ya chakula cha wale wale wanaomlaumu. Pamoja na hayo sioni kwa nini mume mwenye mabega mazima asizibebe yeye. Kwa jambo hilo hatuhitaji ushahidi wa madaktari.

Hirizi nazo zina historia yake. Huko na huko katika nchi zetu mwanamke aliyepoteza mimba hufungwa uzi kiunoni, wenye fundo au kipande cha mti, ili mimba ikae. Mimi huona kwamba wazee hao walikuwa wameukaribia ukweli pasipo kujua. Waliona kwamba kuna kitu kinachofunguka, na kwamba hakina budi kufungwa. Ila uzi waliuweka mahali pasipo na mlango.

UZI WA BOMBAY NA UZI WA MELBOURNE

Aliyeufikisha uzi mahali pake ni daktari wa Kihindi, Vithal Nagesh Shirodkar, wa mji wa Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Mwaka 1955 alitangaza namna yake ya kuifunga shingo ya kizazi wakati mama angali na mimba. Hakutumia uzi wa dukani. Alikata ukanda mwembamba wa utando mgumu katika paja la mama mwenyewe, akauzungusha shingoni ndani ya nyama, akaufunga. Miaka miwili baadaye, mwaka 1957, daktari Ian McDonald wa Melbourne, Australia, alitangaza namna iliyo nyepesi zaidi: uzi mgumu unaopitishwa kuzunguka shingo kwa nje, kisha huvutwa na kufungwa fundo, kama vile tunavyovuta uzi wa mdomo wa mfuko. Njia hizo mbili zingali zikitumika mpaka leo duniani kote, na ile ya McDonald hupendwa zaidi kwa wepesi wake.

Kazi yenyewe si kubwa. Mama huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, au hulazwa usingizi, na kwa kawaida kufunga huchukua muda usiozidi nusu saa. Tumbo halipasuliwi. Wako wachache ambao uzi wa chini haukuwasaidia, na hao hufungwa kwa kupitia tumboni; lakini hiyo ni kazi ya hospitali kubwa, na mama huyo lazima azae kwa kupasuliwa.

Wakati bora wa kufunga, kwa mama ambaye habari zake za nyuma zinaonyesha ugonjwa huu, ni kati ya juma la 12 na la 14, yaani mwisho wa mwezi wa tatu. Hapo zile hatari za mwanzo zimekwisha kupita, na shingo bado haijaanza kufunguka. Kwa mama ambaye hakuna hakika, daktari aweza kumpima mara kwa mara kwa altrasaundi, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Akiona kabla ya juma la 24 kwamba shingo imepungua chini ya milimita 25, na mama alikwisha kupoteza mimba au kuzaa kabla ya wakati, aweza kumshauri afungwe. Wengine hupewa dawa iitwayo projesteroni badala ya uzi, kwa kufuata hali ya kila mmoja.

Je, uzi huo hakika hufaa? Yafaa tuseme kweli, tusiuze matumaini kama muuza dawa wa sokoni. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioanzia Uingereza, uliohusu wanawake 1,292 ambao madaktari wao walikuwa na mashaka kama wafungwe au wasifungwe. Ilionekana kwamba kwa kila wanawake 25 waliofungwa, mmoja aliokolewa asizae kabla ya juma la 33. Mtu aweza kusema ni kidogo. Lakini walipotazamwa peke yao wale ambao mimba tatu au zaidi zilikuwa zimekatika kabla ya wakati, faida ilionekana wazi. Maana yake ni kwamba uzi si wa kila mwenye hofu. Ni wa yule ambaye habari zake zinaonyesha kwamba anauhitaji. Tena una hatari zake, ingawa si za mara kwa mara: uchafu waweza kuingia, damu yaweza kutoka, mfuko wa maji waweza kupasuka. Wala haufungwi kama tayari kuna uchungu, damu, homa ya ndani, au maji yamekwisha kumwagika.

"MIMBA YA NGAPI HII?"

Sasa twaja kwenye jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo halihitaji fedha. Uzi hufungwa mwisho wa mwezi wa tatu. Na wanawake wengi wa vijijini huenda kliniki mwezi wa tano au wa sita, tumbo likiwa limekwisha kuonekana, maana wanaona haya kutangaza mimba ambayo bado yaweza kutoka. Aliyepoteza mara mbili huona haya zaidi, hungoja zaidi, na hivyo yeye anayehitaji kufika mapema kuliko wote ndiye anayefika nyuma ya wote. Au hafiki kabisa, maana mwezi wa tano kwake ndio mwisho.

Na akifika, mazungumzo mara nyingi huwa kama haya:

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Hii ni mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Hadanganyi. Anahesabu kama tunavyohesabu sote, kwa watoto walio nyumbani. Hana mtoto nyumbani, hakuna anayemwita mama fulani, basi ni ya kwanza. Nesi anaandika "1" katika kadi, anampa vidonge vya kuongeza damu, anamwambia arudi mwezi ujao. Kadi ile imekwisha kumpoteza.

Mazungumzo yangekuwa hivi:

"Hii ni mimba ya tatu, nesi. Mbili zilitoka."

"Pole sana, mama. Zilitoka zikiwa na miezi mingapi?"

"Ya kwanza mitano na nusu, ya pili haikutimiza mitano. Sikuumwa. Maji yalimwagika tu, na mtoto alitoka anapumua."

"Ulikuwa na homa? Kulikuwa na damu kabla?"

"Hapana. Uzito tu hapa chini, kama siku mbili."

Nesi mwenye ujuzi akisikia hayo, ataiweka kalamu chini. Maneno hayo manne matano yana thamani kuliko mashine nyingi, kwa sababu hata hospitali kubwa ugonjwa huu hutambulikana zaidi kwa habari za mimba zilizopita. Mume naye akiwapo atasaidia kukumbuka tarehe, maana mwenye uchungu hasahau jambo lenyewe, lakini miezi huchanganyika. Mtu aandike katika karatasi: mwaka, mwezi, mimba ilikuwa na miezi mingapi, nini kilianza, mtoto alikuwa hai au la, alisafishwa au la. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule wa ukoo wake, au katekista.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya parokia. Nina kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu. Watoto hawa wa mwezi wa tano hawamo hata katika kimoja, isipokuwa yule mmoja mmoja aliyebatizwa kwa haraka. Hawamo katika kadi za kliniki, hawamo katika hesabu za serikali. Mtu asiyeandikwa popote hawezi kumsaidia ndugu yake atakayefuata. Ndiyo sababu nasisitiza karatasi.

Njia ya kufuata ni ile inayojulikana. Zahanati humwandikia mama rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka huko aweza kupelekwa kwa mabingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, mjini Kigoma, au hata Bugando kule Mwanza. Barabara ya kutoka Manyovu mpaka Mwandiga sasa ni ya lami, na safari ya mjini si ile ya zamani. Mama na aombe rufaa hiyo kwa kinywa chake, kwa adabu lakini bila kigugumizi: "Nesi, naomba daktari aitazame shingo ya kizazi kabla ya mwezi wa nne." Tena ni vizuri zaidi aende kabla ya kushika mimba nyingine, ili yeye na mumewe wapimwe kaswende na magonjwa mengine kwa utulivu.

Wako watakaosema, "Hospitali zetu ni maskini, mambo ya uzazi Kigoma hayabadiliki." Hao wakumbuke habari za mji huu huu. Mwaka 1984 katika hospitali ya mkoa hapa Kigoma, kwa hesabu ya watoto 100,000 wanaozaliwa hai, walikuwa wakifa kina mama 933. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake wakatafuta sababu moja moja, wakaweka hatua 22, nyingi zisizo za gharama kubwa: kutengeneza vyombo vilivyoharibika, kuhakikisha damu na dawa zipo, kuzungumza pamoja juu ya kila kifo bila kufichana. Mwaka 1991 hesabu ile ilikuwa 186. Vifo hivyo havikuwa vya shingo ya kizazi. Vilikuwa vya kutokwa damu, vya homa ya uzazi na mengineyo. Lakini vilipungua kwa kuuliza swali lile lile: hasa nini kilitokea, na saa ngapi?

MAMBO YASIYONGOJA KESHO

Mwenye mimba ya miezi minne mpaka saba, hata kama hajapoteza mimba hapo nyuma, asingoje akiona haya: uzito mpya chini ya tumbo kama kwamba kitu chataka kuteremka, maumivu ya kiuno yanayokuja na kupita, ute uliobadilika, ukawa mwingi, wa maji maji au wenye damu kidogo, au maji kumwagika. Aende siku ile ile. Mara nyingine shingo huwa imeanza kufunguka lakini mfuko haujapasuka, na daktari aweza bado kufunga.

Maji yakimwagika, hatari si ya mtoto peke yake. Mlango ukiwa wazi, vijidudu hupanda. Homa, baridi, tumbo kuuma likiguswa, uchafu wenye harufu mbaya, hizo ni alama kwamba mama mwenyewe yumo hatarini, na watu hufa kwa hayo katika siku chache. Na mimba ikitoka katika miezi hii, kondo la nyuma mara nyingi hubaki ndani, likaleta damu nyingi. Kwa hiyo hata kama mtoto amekwisha kutoka na bibi amekwisha kumfunga kitambaa, mama apelekwe hospitali. Nasema hivi kwa kina bibi zetu kwa heshima: mmezalisha wengi, lakini kondo lililobaki halivutwi kwa mkono wala haliondoki kwa majani.

Mimba ikifika miezi sita na zaidi, kufika hospitali kabla ya kuzaa kwaweza kuwa uzima wa mtoto. Kuna sindano apewayo mama ya kukomaza mapafu ya mtoto. Na mtoto aliyezaliwa mdogo hufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, apate joto. Desturi iliyoanza kutumika hospitalini huko Bogotá, Colombia, miaka ya 1970, na sasa hutumika hata Tanzania. Baba naye aweza kumbeba hivyo mama akipumzika.

Na mtoto akizaliwa hai hata wa miezi mitano, kanuni ya 871 ya Sheria za Kanisa yasema abatizwe kama inawezekana. Mtu ye yote aweza kumbatiza katika hatari ya kufa, kwa maji na kwa maneno yanayojulikana. Akizaliwa amekufa, wazazi wamwone padre. Kanisa laweza kuruhusu maziko kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe. Si lazima iwe nyuma ya migomba, usiku.

SIKU YA KUKATA UZI

Mama aliyefungwa uzi hurudi nyumbani, hufanya kazi nyepesi, hula chakula chake, hunywa dawa ya malaria ya kliniki, hulala ndani ya chandarua. Juu ya kulala na mumewe, madaktari wengine huwashauri wajizuie. Waulize wote wawili kabla ya kuondoka hospitali, wasione haya. Kadi yake iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ana uzi, na watu wawili nyumbani wajue: mume, na mama mkwe au dada. Maana hapa ndipo ilipo hatari ambayo wengi hawaifikiri. Uchungu ukianza na uzi ungali umefungwa, mji wa mimba husukuma mlango uliofungwa kamba, na shingo yaweza kuchanika. Kwa hiyo uchungu wo wote, damu, au maji yakimwagika, hata kama ni mwezi wa saba, ni hospitali mara moja, uzi utazamwe. Mama mwenye uzi asizalie nyumbani kwa hali yo yote.

Mambo yakienda vema, hurudi hospitali kati ya juma la 36 na la 37 kukatwa uzi. Kwa uzi wa McDonald ni kazi ya dakika chache, mara nyingi pasipo ganzi kubwa. Tarehe hiyo aandikiwe mapema, na akiba ya nauli iwekwe tangu kahawa inapouzwa, isingoje juma lenyewe. Anayekaa mbali hospitali, sehemu za bondeni au ng'ambo ya milima, aulize kama ipo nyumba ya kungojea uzazi, au apate ndugu wa kumkaribisha mjini. Wengine wakikatwa uzi huzaa siku ile ile. Wengine hurudi nyumbani, hukaa majuma mawili au matatu, na watu huanza kuwatania kwamba mtoto aliyekuwa na haraka sasa hataki kutoka. Hata hivyo mfuko wa nguo za mtoto ukae tayari mlangoni.